UZI: Charleston, mashindano ya tenisi ya wanawake yaliyoanzia kisiwani 1973 na mpaka leo yamesimama bila wanaume

Bekhendi Moja (mleta mada)

Wakuu salaam, na kina dada wote mliomo humu.

Kuna kitu kimekuwa kinanikereketa muda mrefu. Kila mjadala wa historia ya tenisi ya wanawake ukianza watu wanataja Wimbledon, wanataja US Open, wanataja ile mechi ambapo Billie Jean King alimfunga mwanaume, Bobby Riggs, halafu basi. Charleston, ule mji wa South Carolina kule Marekani, haitajwi kabisa, na ikitajwa mtu anakwambia "ile ya WTA 500 ya wiki ya baada ya Miami" (WTA ndo chama cha tenisi ya wanawake, 500 ni ngazi ya mashindano, chini ya 1000). Mimi nasema hapana, haya mashindano yana uzito kuliko cheo chake kwenye kalenda, na leo nataka niyashushe yote kuanzia mwanzo. Itakuwa ndefu, vumilieni.

Ili uielewe Charleston lazima uanzie 1970. Mwaka huo Jack Kramer alikuwa anaandaa mashindano ya Pacific Southwest kule Los Angeles, bingwa wa kiume amepangiwa dola 12,500 na bingwa wa kike dola 1,500. Yaani mara nane na ushee. Wachezaji wanawake wakasema hii hatuikubali. Gladys Heldman, mama aliyekuwa na jarida la World Tennis, akawaandalia mashindano yao Houston, Septemba 1970, wachezaji tisa wakasaini mkataba wa dola moja moja, ikapigwa picha noti zimeshikwa juu. Walikuwa Billie Jean King, Rosie Casals, Nancy Richey, Julie Heldman, Kristy Pigeon, Peaches Bartkowicz, Valerie Ziegenfuss na Waaustralia wawili, Judy Dalton na Kerry Melville. Chama cha tenisi cha Marekani kiliwatishia kuwafungia na wao wakacheza hivohivo. Zawadi yote ya Houston ilikuwa dola 7,500. Bingwa akawa Rosie Casals, akaondoka na dola 1,600.

Shikeni hiyo 1,600 na shikeni hilo jina la Casals, tunarudi hapo sasa hivi.

Kipanga wa Kona

Naweka kambi hapa. Tiririka dada.

Bekhendi Moja

Twende. 1973, kisiwa cha Hilton Head, jimbo la South Carolina. Kulikuwa na eneo la mapumziko linaitwa Sea Pines, la mwekezaji Charles Fraser, misonobari, bahari, viwanja vya tenisi. Mdhamini akapatikana jarida la Family Circle. Hapa naomba tusipite haraka. Mzunguko wa wanawake wakati ule ulikuwa unabebwa na hela ya sigara, Virginia Slims, na siwalaumu wachezaji maana hakuna mwingine aliyekuwa anafungua pochi. Ila Family Circle lilikuwa jarida la akina mama wa nyumbani, mapishi, ushonaji, malezi, lile linalouzwa pale unapolipia kwenye supamaketi. Hela ya jarida linalonunuliwa na wanawake ndo ikaenda kuwalipa wanawake wanaocheza.

Na haikuwa hela ya kubabaisha. Jumla dola 100,000, bingwa dola 30,000. Mnielewe hapa. Mwaka huohuo 1973 US Open ndo ilianza kulipa wanawake sawa na wanaume, ikasifiwa dunia nzima na inastahili, na bingwa wake wa kike Margaret Court alipewa dola 25,000. Wimbledon ya mwaka huo King alichukua taji akapewa pauni 3,000, mwanaume pauni 5,000. Kwahiyo kisiwani huko, mashindano mapya kabisa, mwanamke analipwa kuliko US Open. Ndo ilikuwa zawadi kubwa kuliko zote kwa bingwa mwanamke wakati ule.

Fainali wakakutana Casals na Nancy Richey, wote wawili walikuwa kwenye ile picha ya noti ya dola moja. Casals akapoteza seti ya kwanza 3-6, akageuza 6-1, akamaliza 7-5. Na NBC wakaionyesha kwa taifa zima, ndo mara ya kwanza mashindano ya wanawake peke yao kuonyeshwa na televisheni kubwa ya Marekani namna ile. Yule wa dola 1,600 sasa ana dola 30,000, hata miaka mitatu haijaisha. Kila nikifika hapa huwa nasimama kidogo.

Mama Seti Tatu

Dada hapo kwenye US Open 25,000 na huku 30,000 umenishtua, miaka yote nafuatilia tenisi sikuwahi kuziweka hizo namba mbili pamoja. Shusha nondo.

Nyundo

Swali la mtu anayejifunza. Naonaga kwenye tivii viwanja vya Charleston ni vya kijani lakini watu wanateleza kama kwenye udongo. Ni udongo au sio udongo?

Bekhendi Moja

Swali zuri Nyundo. Ni udongo ila sio ule mwekundu wa Paris. Ule mwekundu ni matofali yaliyosagwa. Huu wa kijani unaitwa Har-Tru, ni jiwe la kijani linalochimbwa Virginia, linasagwa mpaka linakuwa kama chumvi ya mawe, linamwagwa juu linashindiliwa. Chembe zake ni ngumu, mpira ukidondoka unatoka kwa haraka kidogo kuliko kwenye mwekundu na haunyanyuki juu sana. Kwahiyo mtu mwenye servi nzito au anayepiga flati bado anapata chake, wakati kwenye mwekundu angenyongwa. Mvua ikipita unakauka mapema. Ukiangalia mchezaji akitoka mechi ya saa mbili utaona soksi zina rangi ya majivu ya kijani mpaka kwenye kifundo, na kwenye mstari wa nyuma kuna michirizi mirefu ya viatu.

US Open yenyewe ilichezwa juu ya udongo huu, 1975 mpaka 1977 pale Forest Hills. Siku hizi kwenye ngazi za juu za WTA amebaki Charleston peke yake. Wengi wanalalamika kwamba hauwaandai kwa Roland Garros (yale ya udongo mwekundu wa Paris), na ni kweli sio sawasawa, ila unajifunza kuteleza na kuvumilia mipira mirefu, hilo nalo ni kitu.

Kipanga wa Kona

Ndo maana Chris Evert, yule Mmarekani, akawa anajichotea tu. Mwaka 1974 mpaka 78 mfululizo pale Hilton Head, hakuna wa kumgusa.

Mzee wa Servi

Kipanga nakurekebisha kidogo mkuu, mataji matano mfululizo ni sahihi ila sio yote Hilton Head. 1975 na 1976 mashindano yalihamia Amelia Island, Florida, yakarudi kisiwani 1977. Watu wengi wanasahau hilo.

Bekhendi Moja

Asante Mzee, mimi mwenyewe ningepitiliza.

Na Evert tumpe haki yake. Alikuwa kwenye ule mfululizo wa mechi 125 za udongo bila kupoteza hata moja, Agosti 1973 mpaka Mei 1979, ambapo Tracy Austin alimkata Roma. Sasa hayo mataji matano yote yamo ndani ya huo mfululizo. Miaka mitano anakuja, anashinda, anaondoka. Akaongeza 1981, 1984 na 1985, jumla nane. Hakuna aliyemkaribia hapa, Martina Navratilova na Steffi Graf wana manne kila mmoja, Serena Williams matatu.

Lakini mimi ninachokipenda zaidi ni hiki, Hilton Head ilikuwa mahali ambapo watoto wanajitokeza mbele ya wakubwa. 1985 Gabriela Sabatini anaingia fainali ana miaka 14, Evert akamzuia. 1990 Jennifer Capriati naye anaingia fainali ana miaka 14, ndo kwanza mwezi wake wa pili kwenye tenisi ya kulipwa, Navratilova akamzuia.

Na katikati hapo kuna 1986, mniruhusu niikalie. Steffi Graf ana miaka 16. Hajawahi kuchukua taji lolote la WTA, anafika fainali anarudi mikono mitupu. Na Evert ameshamfunga kila walipokutana, mara sita. Sasa wanakutana fainali, kwenye mashindano ambayo Evert ni kama anarudi sebuleni kwake, bingwa mtetezi, mataji nane. Ule mguu wa Graf sasa, kila mpira unaokuja upande wa bekhendi anaukimbia anauzunguka ili apige na fohendi, anaacha uwanja mzima wazi nyuma yake na bado Evert hawezi kumuadhibu kwa sababu mpira umesharudi kabla hajajipanga. 6-4, 7-5. Taji la kwanza la Graf maishani. Na kuanzia siku ile Evert hakumfunga tena, walikutana mara nane, ile ikiwemo, zote akachukua Graf. Agosti ya mwaka uliofuata Graf ni namba moja duniani. Ule mlango ulifunguliwa Hilton Head.

Mama Seti Tatu

Capriati usimuache njiani jamani. Yule binti wa miaka 14 aliyepigwa na Navratilova, akapitia magumu yake mpaka akapotea kwenye tenisi, watu wakamfuta. 2001 anarudi anachukua Australian Open kwa kumfunga Hingis, halafu Aprili anachukua na haya mashindano kwa kumfunga Hingis huyohuyo 6-0, 4-6, 6-4. Miaka 11 toka ile fainali ya utotoni. Nililia siku ile na sioni aibu kusema.

Bekhendi Moja

Mama umenitangulia nilikuwa naelekea hukohuko. 2001 ndo mwaka wa kwanza yalipohamia Charleston yenyewe, Daniel Island, uwanja mpya wa tenisi wa mji. Kwahiyo bingwa wa kwanza wa Charleston ni Capriati. Sidhani kama mtu angeweza kupanga vizuri zaidi ya hivo.

Toka hapo mnayajua mengi. 2003 Serena alikuwa hajapoteza mechi toka mwaka uanze, Justine Henin akamfunga fainali. 2004 Venus. 2008, 2012 na 2013 Serena, na ile ya 2012 sijui niiite nini, nusu fainali anamfunga Stosur 6-1, 6-1, fainali Safarova 6-0, 6-1. Halafu 2014 anarudi bingwa mtetezi anatolewa raundi yake ya kwanza na Jana Cepelova, binti aliyekuwa hajulikani, ambaye alifika mpaka fainali. 2017 ilikuwa fainali ya watoto wa miaka 19, Kasatkina akamfunga Ostapenko, miezi miwili baadae Ostapenko huyo anashinda Roland Garros.

Nyundo

Sasa dada mbona yakashushwa cheo kama ni makubwa hivo?

Bekhendi Moja

Hapo ndo pananiuma. Yalikuwa Tier I, ngazi ya juu kabisa chini ya Grand Slam (yale manne makubwa kama Wimbledon na US Open), miaka na miaka. 2009 WTA wakapanga upya kalenda yao, hela na ngazi za juu zikaelekezwa sehemu nyingine, Charleston ikawekwa Premier ya kawaida na sasa ndo WTA 500. Uwanja haukubadilika, watazamaji hawakupungua. Kalenda tu.

Mzee wa Servi

Niseme la upande wa pili kwa heshima. Biashara ya tenisi imehamia kwenye mashindano ya pamoja. Indian Wells, Miami, Madrid, Roma, wanaume na wanawake wiki moja, tiketi moja, televisheni moja. Mkataba unakuwa mkubwa na wanawake wananufaika. Charleston wangeingiza na wanaume wangekuwa wapo 1000 leo. Kushikilia wanawake peke yao ni kujibana.

Bekhendi Moja

Mzee nakuheshimu na hoja yako ina miguu, hela ya pamoja ni kubwa kweli. Lakini angalia kinachotokea kwenye hayo ya pamoja. Nani anapewa uwanja mkuu usiku? Mechi ya nani inahamishiwa korti namba tatu ratiba ikibana? Roland Garros walianzisha mechi za usiku na misimu kadhaa wakawa wanaweka wanaume karibu zote. Charleston hilo swali halipo. Uwanja mkuu ni wao kuanzia Jumatatu mpaka Jumapili, mechi ya usiku ni yao, bango la barabarani ni lao, mtoto wa kike akiingia getini hakuna picha ya mwanaume anayeambiwa ndo tenisi halisi.

Na hoja ya hela yenyewe naijibu kwa hela. WTA mwaka 2023 walitoa mpango wao wa kulipa sawa, mashindano ya pamoja ya 1000 na 500 ifikapo 2027, na yale ambayo hayapo pamoja na wanaume ifikapo 2033. Charleston wakatangaza wao wanalipa sawa na ATP 500, yaani ya wanaume ya ngazi hiyohiyo, kuanzia 2026, dola milioni 2.5, wakati 2025 ilikuwa milioni moja na kidogo. Miaka saba kabla ya tarehe waliyopewa. Waliofanya hivo ni hawahawa mnaosema wanajibana.

Mzee wa Servi

Hiyo ya 2033 na 2026 nakupa. La ratiba pia nakupa. La televisheni bado nitalibishia siku nyingine.

Kipanga wa Kona

Hela inatoka wapi lakini? Jarida si lilikufa?

Bekhendi Moja

Family Circle lilidhamini kuanzia 1973 mpaka 2015, zaidi ya miaka 40, mdhamini mmoja huyohuyo. 2016 wakaingia Volvo, sasa ni benki ya Credit One. Jarida lenyewe liliacha kuchapishwa 2019. Mwenye mashindano sasa ni Ben Navarro, tajiri wa palepale Charleston, na ndio, ni baba yake Emma Navarro mchezaji, ambaye alikulia mjini hapo. Uwanja ulikarabatiwa ukafunguliwa upya 2022, 2020 hawakucheza kwa sababu ya korona.

Mama Seti Tatu

Na Ons? Huwezi kufunga uzi wa Charleston bila Ons.

Bekhendi Moja

Siwezi, nilimuweka makusudi.

Ons Jabeur wa Tunisia na ule uwanja walikuwa na deni. Aprili 2021 alifika nusu fainali akafungwa na Danka Kovinic. Wiki inayofuata, palepale, kukawa na mashindano mengine madogo, akafika fainali, akashinda seti ya kwanza 6-2, Astra Sharma akageuza 7-5, 6-1. 2022 fainali ya mashindano yenyewe, Belinda Bencic, 6-1, 5-7, 6-4. Mara tatu anaondoka hivihivi. 2023 ametoka kwenye upasuaji wa goti, mwanzo wa msimu umeharibika, fainali anamkuta nani, Bencic tena.

Seti ya kwanza ikaenda mpaka taibreka, ule mchezo wa kuamua seti ikifika 6-6. Jabeur sio mtu wa kusukuma mipira, mnamjua, anakata, anadondosha mpira nyuma ya neti, anabadilisha mdundo mpaka mwenzie hajui asimame wapi, na udongo ule wa kijani ambao mpira haunyanyuki unampa haki yake, slaisi ikidondoka inabaki chini kabisa. Taibreka 8-6 kwake. Seti ya pili 6-4. Deni limelipwa.

Kwa waliodhani ni Mwafrika wa kwanza kuchukua taji hili, hapana, Amanda Coetzer wa Afrika Kusini alilichukua 1998 wakati bado yapo Hilton Head. Mdogo wa umbo, alikuwa anakimbia kila kitu. Naye asisahaulike.

Kipanga wa Kona

Coetzer! Nakazia. Alikuwa anawasumbua wakubwa sana yule, Graf alikiona 1997.

Nyundo

Dada swali la mwisho. Nimeona sehemu kuna korti pale inaitwa Althea Gibson. Ni yule Althea Gibson ninayemjua? Si mtu wa New York?

Bekhendi Moja

Ndo huyo Nyundo. Harlem alikulia, lakini alizaliwa South Carolina, sehemu inaitwa Silver, Clarendon County, 1927, wazazi wakiwa wakulima wa pamba kwenye shamba la kugawana mavuno. Familia ikahamia kaskazini akiwa mdogo. 1956 akashinda mashindano ya Ufaransa, mtu mweusi wa kwanza kuchukua Grand Slam, mke kwa mume. 1957 na 1958 Wimbledon na mashindano ya Marekani. Na alicheza zama za ridhaa, hakuna zawadi ya hela, hata ukishinda Wimbledon. Korti yenye jina lake iko jimbo alilozaliwa, na kila Aprili wanaochezea pale wanalipwa.